Mahari ya Meza

Ng'ombe sita walifika Buhare siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, wakasimama mbele ya ofisi ya Meza kama wateja wengine, ila hawa hawakupanga foleni. Nyuma yao alikuja Bibi Recho, fimbo begani na viatu vya plastiki mkononi, maana tangu Fuso limshushe njia panda hakuona sababu ya kuvichakaza.

Justina alikuwa ndani akimsaidia mama mmoja kujaza fomu ya mirathi. Aliposikia mlio dirishani alidhani ni simu ya mtu, siku hizi watu wanaweka milio ya ajabu. Alipoinua macho akakutana na pua pana, imelowa, inapumulia juu ya jina la marehemu.

"Shikamoo, Bibi. Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wa Meza."

"Bibi, tulishaongea. Huduma yetu ni bure. Sheria inatukataza kupokea kitu kwa mteja, hata yai."

"Kwani mimi nimekuuliza bei?"

"Hujauliza, lakini..."

"Mimi nimeleta. Kupokea au kutopokea ni kazi yako wewe." Akaomba maji, akanywa kikombe kizima, akashukuru, akavaa viatu na kwenda kutafuta gari la kurudi Bunda. Justina alimkimbilia mpaka barabarani, lakini mtu aliyekwisha kufikisha mzigo ana miguu myepesi.

Lazima tuseme Meza ni nini, maana kuna watu watafikiri tunazungumza habari za fanicha. Jina lake kamili, lile la kwenye cheti, ni Meza ya Haki za Wanawake Mara, lakini nani ana pumzi hiyo. Ilianza miaka tisa nyuma pale sokoni Mwigobero, kwenye meza ya dagaa ambayo baba yake Justina aliipasua na kuichonga mwenyewe kutoka mti mmoja wa mvule. Justina alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, kichwa kimejaa vifungu, na kila aliyekuja kununua dagaa aliondoka na dagaa na ushauri, atake asitake. Baadaye wakaanza kuja wasiotaka dagaa. Justina akaigawa meza kwa chaki: upande huu samaki, upande huu sheria. Mwaka wa pili chaki ilisogea. Mwaka wa nne samaki waliisha kabisa, meza ikapakiwa kwenye guta ikaenda Buhare kwenye chumba cha kupanga, na akaja Tabitha, wakili wa kweli mwenye joho, aliyerudi kutoka Mwanza na shahada moja na mdomo wa watu watatu. Mpaka leo fomu zote zinajazwa juu ya meza ile ile. Mvua ikinyesha inanuka dagaa, na Tabitha husema hiyo ndiyo harufu ya haki, mtu asitafute nyingine.

Bibi Recho yeye alikuwa mjane wa marehemu Baltazari, mkulima wa pamba wa kule Bunda. Hakuzaa. Kwao mwanamke akizaa jina lake linapumzika: anakuwa Mama Fulani mpaka kaburini. Recho alikuwa na miaka sitini na saba na jina lake halijapumzika hata siku moja. Matanga ya mumewe yalipoisha, shemeji yake aitwaye Machibya aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akatangaza kwamba nyumba isiyo na mtoto ni mali ya ukoo. Meza ilimshika mkono Bibi Recho miaka miwili, na mwezi wa tano baraza la ardhi liliamua kwamba nyumba ni yake, shamba ni lake, na zizi na kilichomo ndani ni vyake. Ndipo akaenda zizini, akachagua mitamba sita mizuri.

Sasa mitamba ile ilikuwa Buhare inakula kisamvu cha jirani. Mmoja aliingia kwa fundi cherehani akatoka na gauni la kipaimara kwenye pembe. Tabitha siku hiyo alikuwa mahakamani, simu imezimwa. Kufika saa saba watu walikuwa wameanza kumtajia Justina sheria ndogo za manispaa, yeye ambaye kazi yake ni kuwatajia wenzake sheria, na hapo akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa Mara angefanya akikutwa na ng'ombe ambao hana pa kuwaweka. Alimpigia baba yake, Mzee Nyamhanga, kule kijijini Buswahili.

"Baba, nakuletea ng'ombe. Naomba unitunzie."

Justina aliangalia simu kama salio limeisha.

"Wangapi?"

"Sita."

"Wanatokea wapi?"

"Bunda."

"Nimekuelewa, mwanangu," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa na unyevu kidogo.

Hapo hapo Justina alipaswa kushtuka. Ana miaka thelathini na sita, hajaolewa, na ameandika kwa mkono wake kijitabu kizima kuhusu mahari, kurasa ishirini na picha. Lakini mganga hajigangi. Aliita Fuso, akapakia ng'ombe, akarudi kwenye fomu ya mirathi, akiwaza kwamba wiki ijayo, hasira ya shukrani ikimpoa Bibi Recho, atamrudishia mifugo yake taratibu. Wiki ijayo ikawa na semina. Iliyofuata ikawa na kesi tatu. Ya tatu ikaja barua.

Barua ilitoka kwa Bwana Apolinary, afisa wa usajili, na ilikuwa fupi. Machibya wa Bunda amelalamika kwamba Meza inawatoza wajane ng'ombe na kuificha mifugo hiyo Buswahili. Afisa atakwenda Buswahili Alhamisi kuwaona ng'ombe hao kwa macho yake. Ikithibitika kwamba ni malipo, cheti kitafutwa, na maombi ya kufungua ofisi ya pili Bunda, yaliyoko mezani kwake tangu Januari, yatakuwa hayana mwenyewe.

Tabitha aliisoma mara mbili. Ukutani nyuma yake kulikuwa na mafaili sitini na moja, kila faili mwanamke mmoja: aliyefukuzwa na shemeji, aliyenyang'anywa watoto, msichana wa miaka kumi na minne aliyetafutiwa mume wakati anajiandaa na mtihani. Cheti kikifutwa, mafaili hayo hayana wa kuyapeleka mahakamani.

"Umewapeleka kwa baba yako," Tabitha alisema.

"Kwa kutunzwa tu."

"Ng'ombe, Justina. Kwa baba yako. Kutoka kwa mtu mwingine." Akaanza kucheka kabla hajataka, akajiziba mdomo na barua ya serikali. "Nenda leo hii ukawachukue. Na ukute wako sita."

Hawakuwa sita.

Justina alishuka kwenye pikipiki nyumbani kwao akapokelewa na kigelegele. Shangazi yake Agness alikuwa mlangoni, amejifunga kanga mpya, na akakipiga kile kigelegele mpaka kuku wakahama. Mzee Nyamhanga alitoka nyuma yake amevaa koti. Koti lile lilikuwa la Krismasi na la misiba ya watu wakubwa, na huu ulikuwa mwezi wa nane. Zizini alikuwepo mtamba mmoja, anacheua.

"Baba, wengine wako wapi?"

"Karibu kwanza, mwanangu. Kaa."

"Baba."

"Mmoja amemchukua mjomba wako Mugeta. Si haki yake? Dada yake ndiye alikuzaa. Na wale wanne," mzee akaangalia chini kwa haya ya furaha, "wale wanne wameenda Butiama kwa baba yake Lilian."

"Lilian ni nani?"

Swali hilo lilijibiwa na Yusto, kaka yake, aliyetokea nyuma ya nyumba akiwa amenyolewa ndevu. Yusto ana miaka arobaini na mbili. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akisubiri dada yake aolewe ili ng'ombe wapatikane na yeye aoe, na kwa miaka kumi na tano hakuwahi kumsema dada yake hata neno moja. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu anayesubiri mvua mahali ambapo hainyeshi. Sasa alikuwa amevaa shati lenye mistari ya kukunjwa dukani, na uso wake uling'aa kiasi kwamba Justina alishindwa kuutazama.

"Asante, dada," Yusto akasema. "Nilikuwaga nimeshakata tamaa."

Justina akakaa.

"Baba," alisema pole pole, kama anavyowaeleza wateja habari mbaya, "wale hawakuwa mahari."

"Sasa walikuwa nini?"

"Nilikwambia unitunzie."

"Ng'ombe sita, wazima, wanatoka Bunda, wanakuja kwa baba wa msichana, na aliyewatuma ni msichana mwenyewe. Mimi ningesema ni nini? Salamu?"

"Hakuna mwanaume, Baba."

"Sawa," mzee alisema kwa upole, akampiga piga begani. "Haya za wasichana hizo zipo. Atakuja mwenyewe. Mtu anayeanza na sita bila kuombwa, huyo ni muungwana, sina haraka naye."

Na kabla Justina hajapata neno jingine, akaingia Lilian mwenyewe na ndoo ya maziwa, mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, akamkumbatia wifi yake na kumuinua kabisa kutoka chini. Miguu ya Justina ikiwa hewani ndipo alipoelewa hali ilivyo. Akiwadai wale ng'ombe wanne, harusi ya Yusto imekufa. Asipowadai, Meza imekufa. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko, na shangazi Agness akaona hiyo ni dalili nzuri akapiga kigelegele kingine.

Njiani alimpigia Bibi Recho, akamweleza yote bila kuficha.

"Alhamisi?" Bibi Recho aliuliza.

"Alhamisi, saa tatu."

"Nitakuja. Hata mimi nilikuwa nasubirigi siku ya maneno. Ng'ombe wamefika, maneno bado." Akakata.

Alhamisi uwanja wa Mzee Nyamhanga ulijaa. Bwana Apolinary alikuja na pikipiki ya serikali, mtu mwembamba, msafi, ambaye alipenda fomu kama wengine wanavyopenda mpira. Machibya alikuja na suti. Mjomba Mugeta alikuja akimkokota mtamba wake kwa kamba, kwa sababu aliambiwa afisa anataka kuona. Walikuja wazee watano wa ukoo, na wanawake wa kijiji wasiopungua thelathini, ambao hawakualikwa na mtu. Bibi Recho alikaa mwisho wa benchi na sare yake ya kwaya, akitafuna hindi la kuchoma.

Bwana Apolinary alifungua jalada.

"Nianze na la kwanza. Mwenye ng'ombe hawa ni nani?"

"Mimi," Mzee Nyamhanga alisema.

"Huyu ni wangu," akasema Mugeta, akivuta kamba.

"Wote ni wa ukoo wetu," akasema Machibya.

Afisa akafuta alichoandika. Mtamba wa Mugeta akasogea akalamba kona ya jalada, na hakuna aliyemzuia, kwa kuwa kila mtu alimhesabu kama mmoja wa wahusika.

"Mzee, hawa ng'ombe walikujaje hapa?"

"Ni mahari ya binti yangu huyu," Mzee Nyamhanga alisema, akasimama ili koti lionekane.

Bwana Apolinary akapumua. Usoni mwake mtu aliweza kusoma kwamba mahari si mambo ya ofisi yake, na kwamba hata yeye angependa kurudi Musoma mapema. "Basi kama ni mahari, hapana tatizo. Ni kujaza tu. Jina la mume?"

Mzee akamgeukia binti yake, akatabasamu kumpa moyo. Tabitha, aliyekaa naye benchi moja, akamkanyaga Justina mguu, na huo mguu ulisema waziwazi: taja jina lolote. Justina angeweza kusema Nathanieli. Angeweza kusema Mayala. Bunda ina wanaume wengi, asingekosekana mmoja wa kukaa kwenye fomu. Akamwona Yusto amesimama na shati lake, Lilian amemshika kidole kimoja tu, kwa heshima ya wazee. Miaka tisa alikuwa akiwaambia wanawake kwamba ukweli ndio silaha yao pekee isiyokopwa, na sasa ilikuwa zamu yake.

"Hakuna mume," alisema. "Ng'ombe walitoka kwa Bibi Recho. Kesi yake tuliisimamia sisi. Nilimwambia huduma ni bure, akawaacha, na mimi sikuwarudisha. Kosa ni langu mimi, Justina. Meza haikumdai kitu."

Mzee Nyamhanga akakaa chini taratibu. Machibya akapiga paja. "Si niliwaambia? Mdomo wake mwenyewe."

Bwana Apolinary akafungua kalamu upya, na safari hii hakupumua. "Nasikitika, dada. Kama ni malipo ya mteja..."

"Nani kasema malipo?"

Bibi Recho alikuwa amesimama. Alimpa jirani yake gunzi amshikie, akajifuta mikono.

"Mimi sijalipa," alisema. "Mimi nimeoa."

Mtu mmoja nyuma akaangusha kikombe.

"Nasema nimeoa. Wazee mko hapa, mnaijua nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye nyumba yake, hana mtoto, anatoa ng'ombe, anaoa, na watoto wanaozaliwa wanaitwa kwa nyumba yake. Iko au haiko?"

"Iko," wazee walisema kwa pamoja, maana iko.

Mzee Nyamhanga aliinua kichwa, matumaini yakimrudia kwa upande ambao hakuutegemea. "Kwa hiyo umemuoa Justina?"

"Justina wa nini? Huyu anaongeaga sana, nitamweka wapi?" Bibi Recho akamtazama Justina kwa upendo mkubwa. "Nimeoa Meza."

Wanawake thelathini walicheka mpaka mtamba akashtuka. Bibi Recho akangoja. Alikuwa amesubiri miaka mingi, dakika mbili hazikuwa kitu.

"Chekeni. Mimi nilifikiri sana. Nikasema, nikimwoa msichana wa watu, nitampeleka azae na wanaume asiowataka, kwa ajili ya jina langu mimi. Justina alitufundisha, ukurasa wa saba, hiyo ni dhuluma, hata kama mwenye kuifanya ni mwanamke mwenzako. Nikasema kweli. Mimi nilionewa, nimwonee na mwingine? Basi nikatafuta cha kuoa ambacho kikizaa hakiumii. Nikaona Meza. Ilizaliwa Mwigobero, ikakulia Buhare, tabia yake naijua. Nikapeleka ng'ombe. Yeye Justina akawapeleka kwa baba, kama inavyotakiwa. Nikajua amekubali."

"Mimi sikujua," Justina alisema kwa sauti ndogo.

"Bibi harusi hajuagi kila kitu."

Machibya aliruka. "Huu ni wazimu. Meza itaolewaje? Kila anayeolewa ana baba aliyepokea. Meza ina baba?"

Hapo palikuwa na hoja, na wazee waliiona. Wakaweka vichwa pamoja. Walinong'ona kwa kilugha, mmoja akachora kitu ardhini kwa fimbo, mwingine akakifuta. Uhai wa Meza, mafaili sitini na moja, ulikuwa umekaa juu ya swali hilo, na Justina hakujua acheke au apige magoti.

Ndipo Mzee Nyamhanga akasimama, akafunga vifungo vyote vitatu vya koti.

"Nani anasema haina baba? Mvule ulikuwa wangu, pale bondeni, kisiki chake kipo mpaka leo. Nilipasua mbao mimi. Nilichonga miguu minne mimi, wa nyuma kushoto ukanisumbua siku mbili. Nikampa mama yake Justina akauzie dagaa, akafa akamwachia binti. Ile meza nimeizaa kwa msumeno. Na ng'ombe nilipokea, kwa mikono hii, mbele ya watu. Kama nilikosea jina la bibi harusi, hilo ni dogo."

Mzee mkubwa wa ukoo akagonga fimbo chini mara moja. "Ina baba," akasema.

Bwana Apolinary alikuwa anafunua kitabu cha kanuni kwa haraka, mbele, nyuma, mbele tena. Jasho lilimtoka. Kulikuwa na kifungu cha shirika kuungana na shirika, na cha shirika kuvunjika. Cha shirika kuolewa hakikuwepo, wala cha kulikataza lisiolewe.

Tabitha akaona nafasi, akasimama na kujivuta gauni kana kwamba ana joho. "Mheshimiwa afisa, barua yako inauliza jambo moja tu: je, Meza imepokea ng'ombe? Naomba nimuulize Machibya, yeye ni mtu wa mila. Bwana Machibya, mahari yanaenda kwa nani?"

"Kwa baba," Machibya alisema, na hapo hapo akajuta.

"Na bibi harusi mwenyewe anapata nini?"

Wanawake thelathini walilijua jibu. Justina amekuwa akiwafundisha kwa miaka tisa, Butiama nzima, akisema kwa uchungu, mshipa wa shingo umemtoka: ng'ombe wanakuja kwa jina lako, wewe unapata nini? Wakajibu kwa sauti moja, kama kwenye semina:

"Hata mkia hapati."

Justina alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamshikilia Tabitha asianguke, maana neno lile lile alilolichukia kuliko yote ndilo lililokuja kumtetea, na lilitoka vinywani mwa wale wale aliowafundisha kulichukia.

Bwana Apolinary akasubiri kicheko kiishe, kisha akaandika huku akisoma kwa sauti: shirika halikupokea ng'ombe, wala sehemu ya ng'ombe. Akaongeza onyo, kwa sababu alikuwa mtu wa haki: kuanzia leo mteja asiache mnyama yeyote ofisini, na mhudumu wa Meza ajifunze kukataa kwa maandishi. Justina akasema amekubali. Onyo hilo hakuna aliyelikubali kwa furaha zaidi yake.

"Bibi," afisa akamgeukia Bibi Recho, "na wewe una dai lolote?"

"Nadai watoto."

"Nini?"

Bibi Recho akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nane. "Nimeoa, lakini mke yuko Buhare na mimi niko Bunda. Inafaa? Nyumba yangu ya mbele, inayotazama barabara, vyumba viwili, naipa Meza. Ije izae huko."

"Nyumba ya kaka yangu!" Machibya alipiga ukelele.

"Nyumba yangu," Bibi Recho alisema bila kupandisha sauti. "Ulikuwepo siku baraza linasema. Ulikuwa unangoja nife bila mtoto, ukoo uchukue. Na sheria nimefundishwa mezani: cha kwangu nampa nimtakaye, nikiwa hai, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Mashahidi ni hawa wote."

Machibya akatazama huku na huku akitafuta mtu mmoja wa upande wake. Hata mtamba alikuwa amempa mgongo. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Bwana Apolinary alikagua karatasi, akaona imeandikwa vizuri, akatoa fomu ya mali inayotolewa kwa shirika, akaijaza juu ya goti. Alifika mahali palipoandikwa uhusiano wa mtoaji na shirika akasimamisha kalamu. Alimtazama Bibi Recho. Aliwatazama wazee. Kisha, kwa mwandiko wake safi wa kiserikali, akaandika: Mume.

Yusto alioa mwezi wa kumi. Kibali cha Bunda kilitoka mwezi wa kumi na moja, na siku ya kufungua ofisi Fuso lilifika kutoka Buswahili na Mzee Nyamhanga ndani, koti mwilini, na nyuma kitu kimefunikwa kwa blanketi. Mzee alikuwa amerudi kwenye mbao zilizobaki za mvule ule ule, zilizolala darini miaka yote, akachonga meza nyingine, ndogo kidogo kuliko mama yake. Wanawake waliipokea kwa kigelegele tangu barabarani. Ilipowekwa chumbani, Bibi Recho aliomba watu watoke kidogo. Justina peke yake alibaki kwenye kona na mafaili mapya mikononi, akamwona bibi akiufunua mguu mmoja wa meza, wa pili, wa tatu, wa nne, akiupapasa kila mmoja mpaka chini, kama wakunga wanavyomkagua mtoto. Kisha akaenda kukaa kizingitini.

Mteja wa kwanza alifika kabla hata hotuba hazijaanza. Alikuwa msichana, jina lake Jeska kama ilivyokuja kujulikana baadaye, mtoto mgongoni, mkoba wa nailoni umebeba kila alichokuwa nacho. Alisimama mbele ya kizingiti akiwa hajui aseme na nani.

"Shikamoo," alisema. "Pale stendi wameniambia nimuulizie Mama Meza. Ni wewe?"

Bibi Recho alirekebisha kanga, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Justina ndani aliacha kupanga mafaili.

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Ni mimi. Pita ndani. Usiiegemee meza tu, vanishi bado mbichi."